Wastani wa Safari na Vijiji Visivyofikika: Namna ya Kusoma Urefu wa Njia katika Mtandao Uliokatika

Mtu aliyesimama Kate, Wilaya ya Nkasi, amesimama juu ya mgongo wa nchi. Upande wa mashariki uwanda wa Ufipa unaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa magharibi unaporomoka hadi Ziwa Tanganyika. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye takriban mita 770. Kwa hiyo kati ya mkulima wa mahindi na ulezi wa uwandani na mvuvi wa dagaa wa Wampembe, Kala au Ninde upo mteremko wa mita elfu moja hivi, wenye kona, makorongo na udongo unaoteleza. Wakati wa kiangazi mteremko huo ni safari ya kuchosha. Wakati wa masika, tangu Novemba hadi Aprili, zipo siku ambazo si safari tena, kwa kuwa gari haliwezi kupita.

Huduma za afya zimepangwa kwa ngazi. Mgonjwa huanzia zahanati, huenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya Namanyere, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa Sumbawanga, na inapobidi hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Mama aliyepata uchungu pingamizi katika zahanati ya mwambaoni hawezi kusaidiwa pale alipo. Anahitaji chumba cha upasuaji na damu, navyo viko juu. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine waliandika kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Makala hii inahusu ule wa pili, na hasa tarakimu moja ambayo hutumiwa kuueleza: wastani wa urefu wa njia. Tarakimu hiyo ina tabia moja ambayo kila asomaye au aandikaye taarifa za wilaya yenye mteremko, ziwa au mto wa kufurika hana budi kuijua. Barabara zikikatika, wastani huo huweza kuwa mzuri zaidi.

Maana ya mtandao

Wanahisabati huita mtandao mkusanyiko wowote wa nukta zilizounganishwa kwa viungo. Katika mfano wetu nukta ni vituo vya kutolea huduma, na kiungo ni barabara, njia ya miguu au mkondo wa boti unaotoka kituo kimoja hadi kingine. Njia ni mfuatano wa viungo, na urefu wa njia waweza kupimwa kwa idadi ya viungo, kwa kilomita au kwa saa. Kwa mambo ya dharura kipimo cha saa ndicho chenye maana, kwa kuwa kilomita 20 za uwandani na kilomita 20 za mteremkoni si kitu kimoja, kama ajuavyo kila dereva wa gari la wagonjwa aliyepata kuzishuka. Kati ya nukta mbili huchaguliwa njia iliyo fupi kuliko zote. Kisha urefu wa njia fupi zote hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi yake. Huo ndio wastani wa urefu wa njia.

Mtandao huitwa ulioungana ikiwa kutoka nukta yoyote waweza kuifikia nyingine yoyote. La sivyo, umekatika, na kila kundi la nukta zinazofikiana huitwa kipande. Sasa, nukta mbili zikiwa katika vipande viwili tofauti, urefu wa njia baina yake ni kiasi gani? Si sifuri, kwa maana sifuri ni umbali wa mahali na pale pale. Si saa mia wala saa elfu. Hakuna njia, hivyo hakuna urefu, na wanahisabati huandika alama ya kisicho na ukomo. Lakini alama hiyo ikiingizwa katika hesabu ya wastani, wastani wote hugeuka kuwa usio na ukomo, na taarifa haiandikiki. Hapo ndipo mwandishi wa taarifa, au kompyuta yake, hufanya uamuzi ambao mara nyingi hautajwi popote.

Mfano wa zahanati kumi

Tubuni wilaya yenye hospitali moja na zahanati kumi. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, wala hazikutoka Nkasi. Ila sura ya wilaya hiyo ya kubuni msomaji wa Rukwa ataitambua. Zahanati sita ziko uwandani, nne ziko mwambaoni chini ya mteremko. Kiangazi, safari ya kufika hospitali kutoka zahanati za uwandani huchukua saa 1, 1, 1, 2, 2 na 2. Kutoka zile za mwambaoni huchukua saa 5, 5, 6 na 7. Jumla ni saa 32. Ukigawa kwa kumi, wastani ni saa 3.2.

Masika yanaingia. Uwandani daraja moja dogo limeondoka, na zahanati moja iliyokuwa mwendo wa saa 1 sasa ni mwendo wa saa 2. Mwambaoni, zahanati mbili zilizokuwa mwendo wa saa 5 sasa ni mwendo wa saa 6. Na zile mbili za mbali, za saa 6 na saa 7, hazifikiki kabisa: korongo limekula barabara. Hakuna hata zahanati moja ambayo hali yake imekuwa nafuu. Tano za uwandani zimebaki vilevile, tatu zimerudi nyuma, mbili zimepotea.

Mtunza takwimu anajaza jedwali lake. Katika safu za zile mbili anaandika kistari, kwa kuwa hana cha kuandika. Jumla ya zilizobaki ni 1, 1, 2, 2, 2, 2, 6 na 6, yaani 22. Zikigawanywa kwa nane, wastani ni saa 2.75. Taarifa ya robo mwaka itasema kwamba wastani wa safari ya kwenda hospitali umepungua kutoka saa 3.2 hadi saa 2.75. Kama mvua ingezidi na zahanati zote nne za mwambaoni zikakatwa, wastani wa zile sita zilizosalia ungekuwa chini ya saa 1.7, na pengine mtu angepongezwa.

Hakuna aliyedanganya. Hesabu ni sahihi. Kilichobadilika ni kundi linalohesabiwa: waliokuwa wakiuvuta wastani juu wametolewa nje, na wametolewa kwa sababu ile ile ya ugumu wao wa kufikika. Nilipokuwa nikijifunza takwimu za afya nilipewa jedwali la namna hiyo, nikakokotoa wastani, nikauchorea mstari unaoshuka vizuri, na nikaandika sentensi ya kufurahisha chini yake. Aliyenisahihisha hakuniuliza juu ya hesabu. Aliniuliza safu zenye vistari ni za watu gani, nami sikujua hata majina ya vijiji hivyo.

Kompyuta nayo ina mazoea yake

Wengi wetu tunatumia Excel. Kanuni yake ya wastani huruka seli tupu na huruka seli yenye maneno. Kwa hiyo kistari, neno "haifikiki" na nafasi tupu vyote hutoa jibu moja, nalo ni lile la zahanati nane. Anayeona uchungu kuacha nafasi na kuandika sifuri hufanya vibaya zaidi: sifuri huhesabiwa, na vijiji visivyofikika vinageuka kuwa vijiji vilivyo mlangoni mwa hospitali. Katika mfano wetu wastani ungeshuka hadi saa 2.2. Wengine huandika 99 ili kuonyesha kwamba ni mbali mno. Wastani unaruka hadi saa 22. Wakiandika 999, unakuwa saa 202, yaani zaidi ya siku nane. Tarakimu hizo mbili hazielezi barabara. Zinaeleza idadi ya tisa alizopenda mwandishi.

Programu za wataalamu wa mitandao hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Igraph, itumiwayo ndani ya R, ikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida hukokotoa wastani wa njia zilizopo tu na kuziacha jozi zisizofikiana, bila kulalamika. NetworkX, itumiwayo ndani ya Python, hukataa kabisa kutoa wastani wa mtandao uliokatika na hurudisha ujumbe wa kosa. Mwanafunzi hukasirishwa na ya pili na kuisifu ya kwanza. Kwa maoni yangu ile inayokataa ndiyo mwalimu bora, maana inamlazimisha mtu kuamua na kujua kwamba ameamua. Njia ya tatu, ambayo machapisho mengi huifuata, ni kuchukua kipande kikubwa kuliko vyote na kukokotoa wastani wa ndani yake peke yake. Hilo linaruhusiwa, mradi liandikwe hivyo na ukubwa wa kipande utajwe.

Ukubwa huo nao una namna mbili za kutazamwa. Katika mfano wetu, hospitali na zahanati kumi ni nukta 11, zenye jozi 55. Zahanati mbili zilipokatika, kipande kikubwa kilibaki na nukta 9 kati ya 11, na hasara inaonekana ndogo. Lakini hata kama zile mbili zinafikiana zenyewe kwa boti, jozi zilizovunjika ni 9 mara 2, yaani 18 kati ya 55, karibu theluthi moja. Na nukta si watu. Zahanati moja ya mwambaoni yaweza kuhudumia kijiji cha wavuvi chenye wakazi wengi kuliko zahanati mbili za uwandani, hivyo anayepanga huduma afadhali ahesabu watu, au wajawazito wanaotarajiwa, kuliko kuhesabu majengo.

Barua ambazo hazikufika

Kosa hili si la wilaya maskini wala la watu wasiosoma. Limo ndani ya moja ya habari zinazonukuliwa mno katika elimu ya jamii, ile isemayo kwamba watu wawili wowote duniani wametenganishwa na hatua sita. Jeffrey Travers na Stanley Milgram walichapisha mwaka 1969 jaribio lililofanyika Marekani. Watu 296 waliombwa kufikisha kijitabu kwa mtu mmoja waliyetajiwa, aliyefanya kazi Boston, kwa kukipitisha kwa wanaofahamiana tu. Watu 217 walikituma kwa rafiki. Vilivyofika ni 64. Wastani wa watu wa kati katika vile vilivyofika ulikuwa 5.2, na hapo ndipo hatua sita zilipopata nguvu.

Tazama ni nini kilichohesabiwa. Vijitabu 153 vilivyotumwa visifike havikuwa na urefu wa njia, hivyo havikuingia katika wastani. Tena, mnyororo mrefu una nafasi nyingi zaidi za kukatika kuliko mfupi, kwa kuwa kila mkono ni mahali pa kupotelea. Waliofika walikuwa, kwa sehemu, wale waliokuwa karibu tangu mwanzo.

Weka rufaa mahali pa vijitabu. Muda wa safari wa wagonjwa wa rufaa kwa kawaida huchukuliwa katika rejista ya hospitali inayopokea. Lakini rejista hiyo ni orodha ya waliofika. Mama aliyeandikiwa rufaa Ninde akarudi nyumbani kwa kukosa nauli ya boti, na yule aliyefia njiani, hawamo humo. Ndiyo sababu mganga mfawidhi anayetaka kujua urefu wa kweli wa njia hana budi kulinganisha daftari mbili: la waliotumwa, lililo zahanati, na la waliopokelewa, lililo hospitali. Tofauti baina ya daftari hizo mbili ni kipimo kisichopatikana katika wastani wowote.

Vipimo vilivyo afadhali

Kwa nafsi yangu, kama ningepewa mstari mmoja tu katika taarifa, ningeandika tarakimu mbili pamoja na kuzikataza zisitenganishwe: ni vituo vingapi, au watu wangapi, wanaofika, na kwa hao wanaofika, wastani ni saa ngapi. "Masika: zahanati 8 kati ya 10 zinafika; wastani wa hizo 8 ni saa 2.75." Msomaji akiona 10 imekuwa 8, hatausifu wastani.

Mediani, yaani thamani iliyo katikati baada ya kupanga zote kwa ukubwa, ina sifa moja njema: isiyofikika huwekwa mwisho wa mstari kama mbali kuliko zote, na hesabu inaendelea bila kubuni tarakimu. Katika mfano wetu mediani ni saa 2 kiangazi na saa 2 masika. Haikudanganya, lakini pia haikuona kitu, kwa sababu matatizo yote yako mkiani. Basi tazama mkia wenyewe. Thamani ya tisa kati ya kumi ilikuwa saa 6 kiangazi. Masika ni "haifikiki". Neno hilo liandikwe hivyohivyo katika jedwali.

Mwaka 2001 Vito Latora na Massimo Marchiori walipendekeza kipimo walichokiita ufanisi wa mtandao. Badala ya kujumlisha urefu, hujumlishwa kinyume chake: safari ya saa 1 hupewa alama 1, ya saa 2 hupewa nusu, ya saa 5 hupewa sehemu moja ya tano, na isiyowezekana hupewa sifuri. Sifuri hapa ni halali, kwa maana ni mchango wa njia isiyokuwapo, si urefu wake. Kisha hugawanywa kwa zahanati zote kumi, zinazofikika na zisizofikika. Kiangazi ufanisi wa mfano wetu ni 0.52, masika ni 0.43. Hatimaye tarakimu imeshuka hali ilipoharibika.

Hata hivyo kipimo hiki nacho kisiabudiwe. Ukichambua upungufu huo utaona kwamba ile zahanati moja ya uwandani, iliyotoka saa 1 hadi saa 2, imepoteza alama 0.5, zahanati mbili za mwambaoni zilizokatwa kabisa zimepoteza kwa pamoja alama 0.31 tu, kwa kuwa tangu kiangazi zilikuwa na alama ndogo. Kwa kipimo hiki daraja dogo la uwandani lina uzito kuliko vijiji viwili visivyo na njia. Mhandisi wa mawasiliano, ambaye ndiye aliyewazwa kipimo kilipobuniwa, aweza kukubali. Mkunga hawezi: mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na kwake tofauti kati ya saa moja na mbili ni kubwa kweli, lakini tofauti kati ya saa sita na kutofika kabisa ndiyo tofauti kati ya kuhitaji maandalizi ya mapema na kuhitaji huduma nyingine mahali pale pale.

Ndani ya kila kipande mna nini?

Tukifika hapa swali lenyewe linageuka. Mtandao ukishakatika, kuuliza umbali wa wastani ni kuuliza jambo lisilo la kwanza. La kwanza ni hili: vipande ni vingapi, na ndani ya kila kimoja kuna nini? Je, kipande cha mwambaoni kina chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, mtu wa kutoa dawa ya usingizi, damu, na dawa ya kuzuia degedege ya kifafa cha mimba? Kikiwa navyo, kukatika kwa barabara ya mlimani ni usumbufu. Kikikosa, ni hukumu. Sera ya Tanzania iliyowekwa katika Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Hiyo ni hesabu ya majengo kwa mipaka ya utawala. Mahali penye mteremko wa namna hii, hesabu ya pili inahitajika, ya huduma kwa kipande cha msimu.

Na kipande hutegemea viungo ulivyochora. Aliyechora barabara peke yake ataona vijiji vya mwambaoni vimetawanyika, kila kimoja kisiwa. Aliyechora na boti ataona uzi mmoja mrefu, kwa kuwa Kirando, Kipili, Ninde, Wampembe na Kala zimezoea kufikiana kwa maji tangu kabla ya barabara. Meli ya Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, ilikuwa kwa miongo mingi kiungo kikuu cha ziwa zima, kati ya Kigoma na Mpulungu. Meli inapokuwa matengenezoni, kiungo hicho hakipo, na ramani ya vipande hubadilika bila tone la mvua kudondoka.

Kiungo cha maji kina sura mbili, nasi wa afya tusiisahau ya pili. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha mwambao wa Kigoma kisichofikika kwa barabara, na kipindupindu kikazuka. Kwa ramani ya barabara Kagunga kilikuwa kimekatika, na watu wangetegemea ugonjwa ubaki humo. Kwa ramani ya ziwa kilikuwa kimeungana: Liemba ndiyo iliyowachukua watu hadi Kigoma, na wahudumu walilazimika kupanga matibabu katika ncha zote mbili za safari. Kukatika ambako ni msiba kwa rufaa kungekuwa neema kwa udhibiti wa mlipuko. Swali la kwanza ni nini kinachosafiri, na kwa chombo gani.

Viungo vingine hupitika upande mmoja tu. Boti yaweza kumpeleka mgonjwa leo, na upepo ukaizuia isirudi kesho. Gari la wagonjwa lililo Namanyere na mgonjwa aliye chini ya mteremko wana njia mbili, ya gari kushuka na ya mgonjwa kupanda, na dharura inazihitaji zote mbili kwa zamu. Muda wa rufaa ni jumla yake. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwezi Aprili 2022, unapunguza safari ya kwanza kwa kuwatumia madereva wa jamii waliosajiliwa, wanaoitwa kupitia namba 115 pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali au halipo. Kwa lugha ya mtandao, mfumo huo unaongeza viungo ndani ya kipande. Kuunganisha vipande ambavyo korongo limevitenga hauwezi, isipokuwa waliosajiliwa wawemo pia wenye boti na wawepo madereva pande zote mbili za mahali palipokatika.

Kukatika kwa kweli na kukatika kwa daftari

Wahudumu wanaofuatilia waliokutana na mgonjwa wa kifua kikuu au wa magonjwa ya zinaa hukutana na mitandao iliyokatika kila siku, ila kwao nukta ni watu. Hapo tahadhari ni nyingine. Katika utafiti wa kisiwa cha Likoma, ziwani Malawi, uliochapishwa mwaka 2007, Helleringer na Kohler waliwauliza vijana majina ya wapenzi wao na kuyaunganisha. Takriban nusu ya waliokuwa na mahusiano ya kingono walijikuta ndani ya kipande kimoja kikubwa, ingawa wengi hawakuwa na wapenzi wengi. Kipande kama hicho huonekana pale tu majina yanapotajwa. Mgonjwa akinyamaza juu ya mtu mmoja, daftari litaonyesha vipande viwili visivyohusiana, na wastani wa njia utakuwa mfupi na wa kuliwaza, ilhali vimelea vinapita pale pasipoandikwa. Kwa barabara, kukatika huonekana kwa macho. Kwa watu, kukatika kwenye karatasi huenda ni ukimya tu, na mhudumu aliyeona vipande vingi vidogo aanze kwa kujiuliza kama wagonjwa wake wanamwamini.

Kwa mama na familia yake

Msomaji mjamzito, au mwenye mke au binti mjamzito mwambaoni au katika bonde la Rukwa, hana haja ya kukokotoa chochote. Muulize mhudumu wa kliniki maswali haya mapema, kabla mimba haijafika miezi minane. Tarehe yangu ya kujifungua inaangukia masika? Ikiwa ndiyo, barabara yetu hukatika wapi, na upande wetu wa mahali hapo kuna kituo chenye upasuaji? Jibu likiwa hapana, panga kuhama kabla ya uchungu: kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya mama ngojea pale ilipo. Hasa afanye hivyo aliyewahi kufanyiwa upasuaji, aliyetokwa damu nyingi uzazi uliopita, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu, na anayebeba mimba ya kwanza akiwa na umri mdogo.

Anayebaki nyumbani aandike mahali pa kuonekana namba ya mwenye boti na ya mwenye gari, pamoja na 115, ambayo haitozwi. Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza, ni dalili za kupiga simu saa hiyo hiyo, bila kungoja kupambazuke. Na ukipiga, mweleze mpokeaji uko upande gani wa mahali palipokatika, kwa maana yeye anaitazama ramani ya kiangazi.